Sahani Mbili, Figo Moja

Kwetu Bukavu watoto wa tumbo moja hula ugali kwenye sahani moja. Baba alikuwa na yake, wageni walikuwa na yao, lakini sisi tulikaa chini tukaizunguka ile moja, na aliyechelewa kunawa alikuta ukingo mtupu. Mtu akijitenga na sahani ya ndugu zake huulizwa mbele ya watu: umekasirika, au unaogopa kurogwa? Hakuna jibu la tatu. Naanza na sahani kwa sababu mambo yote ya hospitali, figo na damu, nilipoyafuata hadi kwenye chanzo chake, niliyakuta yamekaa pale.

Mimi nasuka nywele kwenye salon moja ya Umbilo Road, hapa Durban. Miaka mingi nimeishi na mdogo wangu wa kiume kwenye fleti yenye chumba kimoja cha kulala, mimi chumbani, yeye sebuleni nyuma ya pazia. Tulitoka Kongo pamoja, tukafika huku pamoja, na kama ni kugombana tumegombana pamoja pia. Yeye alikuwa akifanya kazi bandarini, kupakua makontena, kazi inayotaka mgongo. Mgongo alikuwa nao. Alikuwa akiingia nyumbani na mabuti yake makubwa ya mpira, anayaweka mlangoni, na ole wako uyaguse. Nilifikiri ni ukorofi tu wa mwanaume anayependa vitu vyake.

Nilipopimwa nikakutwa na virusi, nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi ya salon. Nilikovipata virusi sitaandika hapa. Ni hadithi nyingine, na aliyenipa hawezi kuisoma. Nitakachoandika ni kwamba jioni ile nilirudi nyumbani, mdogo wangu akawa amesonga ugali na kupika sombe, majani ya muhogo, akaweka sahani katikati kama kawaida, na mkono wangu ukakataa kwenda. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia mchana uleule kwamba sahani haiambukizi, kijiko hakiambukizi, kukaa pamoja hakuambukizi. Masikio yalisikia. Mkono haukusikia. Nikasimama, nikachukua sahani ya bluu kabatini, nikajimegea ugali wangu nikala peke yangu kitini.

Nikamwambia ni dawa za kulainisha nywele. Nikamwambia zinaingia kwenye kucha, hazitoki hata kwa sabuni, zitamuunguza tumbo. Aliniangalia kidogo, akasema sawa. Tangu siku hiyo tukawa na sahani mbili, na hakuniuliza tena. Mimi nikajisifu moyoni kwamba uongo wangu umekaa vizuri.

Dawa zangu nilizificha salon, kwenye kopo la shanga za kusukia. Na kuzichukua sikuzichukua karibu na nyumbani, ng'o. Ukikaa kwenye foleni ya kliniki ya mtaa wetu, nyuma yako yuko mama wa kwaya, mbele yako yuko muuza simu wa Uvira, na kabla hujafika dirishani Bukavu nzima imeshapata habari. Kwa hiyo nilikwenda mbali, upande wa Mobeni, kwenye viwanda, ambako hakuna Mkongo mwenye shughuli.

Siku moja, nimetoka kliniki na mfuko wangu, nafika kituo cha teksi cha Mobeni, namkuta nani? Mdogo wangu. Amesimama na mfuko mweusi kwapani, na asubuhi aliniaga kwamba anakwenda bandarini.

"Yaya," akasema. Ndivyo sisi tunavyomwita dada mkubwa. "Unafanya nini huku?"

"Nimekuya kununua mèches, nywele za kusukia," nikasema. "Iko fabrique ya nywele huku, bei ni ya chini. Na weye?"

"Natafuta kazi. Port iko ngumu."

Nilimhurumia sana. Yeye naye, kwa adabu, akanipokea mfuko abebe. Ukapiga kelele, kacha kacha kacha, kwa sababu vidonge vya miezi kadhaa havijui kunyamaza.

"Ni shanga," nikasema haraka. "Za watoto."

Tulirudi mjini kwenye teksi moja, yeye na shanga zangu mapajani, tukizungumzia ugumu wa kazi. Nilikuwa nikicheka peke yangu salon kila nilipoikumbuka siku hiyo. Nilijiona mjanja.

Kisha mdogo wangu akaanza kuvimba. Kwanza miguu, mabuti yakawa hayaingii. Halafu uso. Halafu akawa anapanda ngazi za fleti akipumzika kila kona kama mzee. Hospitali wakasema figo zote mbili zimekwisha. Sisi alituambia ni presha, na nani angebisha? Presha Durban ni kama vumbi, iko kwa kila mtu. Kwa bahati karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimekamilika, akapewa kiti kwenye mashine ya kusafisha damu. Akawa anakwenda mara tatu kwa wiki, damu yake inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine, na akitoka hapo yuko kama nguo iliyokamuliwa.

Baada ya muda mishipa ya mkono wake ikaanza kugoma. Sindano zikawa haziingii, wakahamia mkono mwingine, nao ukaanza kuvimba. Daktari akasema wazi kwamba mashine haitambeba milele, atahitaji figo ya mtu.

Habari hiyo ilipowafikia watu wa nyumbani, kikaitishwa kikao kwangu, Jumapili baada ya ibada. Sisi watu wa Bukavu tuna chama chetu hapa Durban, na chama chetu kimezoea jambo moja, matanga. Mwenyekiti, ambaye siku nyingine hutengeneza simu, alikifungua kikao kwa sala ndefu na sauti ya huzuni, kama vile mdogo wangu ameshalala jenezani, naye amekaa palepale kwenye kochi anamwangalia. Mama yetu alikuwa Bukavu, kwenye simu, na simu tulikuwa tumeisimamisha ndani ya glasi tupu ili sauti isikike kwa wote.

"Mulitoka mu tumbo moja," mama alisema kutoka ndani ya glasi. "Mulinyonya ziwa moja. Yaya wake njo atamupa. Banawezaje kutafuta fasi ingine?"

Watu wote wakanigeukia. Kina mama wa kwaya wakaanza kutikisa vichwa kwa upendo.

Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu akasema, "Mi sitake figo ya mutu. Muniache."

"Usiseme vile," mwenyekiti akamkemea. "C'est l'orgueil, ni kiburi ile. Mungu anakutolea njia."

"Nimesema sitake!" Akapiga kochi kwa ule mkono uliovimba, akakunja uso kwa maumivu.

Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema, "Nitaenda kupimwa." Wakapiga makofi. Mama alilia ndani ya glasi. Mdogo wangu aliniangalia kwa hasira ambayo sikuielewa, na mimi nilikuwa tayari na mpango wangu: nitakwenda hospitali mapema, peke yangu, nimtafute anayehusika, aseme damu zetu hazikubaliani. Basi. Nani atabishana na damu?

Huku muuguzi huitwa sista, na aliyeshughulikia mambo ya kupandikiza figo alikuwa sista mmoja wa Kizulu, mwili mkubwa, miwani inaning'inia kwa uzi, beji za cheo mabegani. Dirisha la ofisi yake lilitazama kreni za bandarini. Tulizungumza Kiingereza, chake kizuri na changu cha salon.

"Sista," nikasema, "nataka unisaidie kusema uongo."

"Eish," akasema, akafumba macho.

Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Kwamba nina virusi. Kwamba nimemeza dawa miaka mingi bila kuruka, na virusi vimelala hadi vipimo havivioni, lakini vipo. Kwamba mdogo wangu hajui, mama hajui, chama hakijui, wala sitaki wajue. "Waambie tu damu hazikubaliani. Watakuamini. Wewe una beji mabegani."

Alivaa miwani. "Nani alikuambia mtu mwenye virusi hawezi kutoa figo?"

"Hakuna aliyeniambia. Mambo mengine mtu haambiwi."

"Anaweza," akasema. "Si kwa kila mtu. Anaweza kumpa mtu ambaye naye anavyo. Madaktari wa nchi hii walishafanya hivyo. Walianza na figo za marehemu, kumpa aliye hai. Sasa hata aliye hai anaweza kufikiriwa, akipimwa sana na kuonekana anafaa."

Nilishtuka hadi nikasahau nilichofuata. Sijui kama mtu asiye na ugonjwa huu anaweza kuelewa. Gari la kuchangia damu likija kanisani, mimi nilikuwa nakimbilia jikoni kuosha vikombe. Nikijikata na mkasi salon, nafunika kidole kama mwizi anayeficha kitu. Mwili wangu nilikuwa nimeshaufungia kufuli, kilichomo humo si cha kumpa mtu. Na huyu mama ananiambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza ratiba ya basi, kwamba yuko binadamu anayeweza kupokea kitu kutoka ndani yangu akapona. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia.

Halafu hasira ikanijia. "Heri yake huyo mtu," nikasema. "Mdogo wangu si mmoja wao. Yeye ana presha."

Sista aligeuza kichwa akatazama kreni za bandarini, akazitazama kwa muda mrefu kama vile leo ndiyo kwanza zimewekwa pale.

"Mama," akasema mwishowe, "siwezi kukudanganyia. Na siwezi kukuambia zaidi ya hapo. Nenda ukae na mdogo wako. Mwambie mwenyewe hicho ulichoniambia. Kisha mje wote wawili."

Nilimwona katili. Nilimwona mmoja wa wale wanaopenda kumwona mgeni akivuliwa nguo hadharani. Nikashuka ngazi nikitukana kwa Kiswahili, na mlinzi mlangoni akaniambia nami niwe na siku njema. Kwenye robot ya Umbilo Road, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, iliwaka kijani, nikabaki nimesimama. Kwa nini aligeukia dirisha? Wazo likachungulia. Nikalifukuza kama mbuzi aliyeingia jikoni, nikavuka.

Wiki hiyohiyo nilimsindikiza mdogo wangu kwenye mashine, nikaona kwa macho yangu. Sindano ilikataa. Wakajaribu tena, ikakataa. Jasho lilimtoka usoni, naye akawa anatazama dari. Walipofanikiwa akaniambia polepole, "Yaya, siku moja nitachoka. Siku ile usiniombee kuendelea."

Hapo nikajua kwamba nitamzika. Mwenyekiti alikuwa na sala yake tayari na mimi ningekaa mbele kwenye matanga, na watu wangemnyooshea vidole yule dada aliyenyima figo. Vidole ningevivumilia. Nisingevumilia yeye mwenyewe aondoke akiamini nimemnyima. Nikasema basi, uongo umekataliwa, tuujaribu ukweli.

Nilichagua kumwambia akiwa kwenye mashine, siku iliyofuata ya zamu yake, asubuhi. Sababu ni moja: pale hawezi kunikimbia. Viti viko mstari, kila mtu na mirija yake, televisheni inapiga kelele ambayo hakuna anayeisikiliza. Kiswahili chetu pale hakieleweki na mtu ila bibi mmoja wa Kitanzania kiti cha mwisho, naye alikuwa anakoroma. Nikavuta stuli.

"Petit, mdogo wangu, sikia. Nitasema mara moja na usinikate." Nikainama hadi sikioni kwake. "Mi niko na ile ugonjwa. SIDA, UKIMWI. Tangu zamani. Njo maana siwezi kukupa figo. Siyo roho mubaya, petit. Nakuapia, siyo roho mubaya."

Nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi: anionee huruma, anitukane, aite muuguzi aniondoe. Yeye akawa anatazama damu yake inavyozunguka kwenye mrija.

"Tangu mwaka gani?"

"Mwaka ile nilianza salon."

"Mbele ya sahani, kabla yake, ao nyuma ya sahani?"

Sikuelewa. "Sahani gani?"

"Sahani yako, yaya. Ile ya bleu. Ile siku ulianza kula peke yako."

"Mbele," nikasema. "Siku ileile. Njo maana ya sahani. Niliogopa nitakuambukiza."

Mdogo wangu akafunika uso kwa mkono uliokuwa huru. Mabega yakaanza kumruka, ule mkono mwingine ukakunjika, mrija ukabanwa na mashine ikapiga kelele ya kutisha. Muuguzi akaja mbio, akaunyoosha mkono, akamgombeza, akaenda zake. Uso wa mdogo wangu ulikuwa umelowa.

"Miaka yote ile," akasema, "nilizania ulipata dawa zangu."

"Dawa gani?"

"Za mu botte. Niliziweka mu botte ya kazi. Siku ileile nilikuwa nimezisahau inje, juu ya meza, nikarudi mbio kuzificha. Mangaribi unachukua sahani yako. Nikasema, yaya ameziona. Yaya ananiogopa. Hataki kula na miye."

Nilisikia maneno yote, na yote niliyafahamu, lakini hayakuingia. Nilimtazama mdomo. Nilitazama mabuti ambayo hayakuwapo, mabuti ya mlangoni ambayo miaka yote hiyo nilikuwa nikiyaruka nikitoka asubuhi.

"Mi pia, yaya," akasema. "Mi pia niko nayo. Njo iliniuaga figo. Haiko presha peke."

Nimewahi kushtuka maishani. Nimesikia risasi usiku, nimeona nyumba yetu ikiungua. Sijawahi kushtuka vile. Risasi unajua ni ya kukimbia. Hapa sikujua niangukie upande gani. Nilikuwa nimemlinda mtu na kitu ambacho tayari alikuwa nacho, na kumlinda kwangu kukawa ndicho kisu. Kila jioni, kila sahani, yeye anakula ugali wake kimya akiamini dada yake anamwona uchafu, nami kitini kwangu nikijiona dada mwema. Alikuwa amemeza hilo pamoja na ugali, na bado mwisho wa mwezi aliniletea samaki kutoka bandarini, na bado alinibebea mfuko.

"Mobeni," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

"Kliniki," akasema. "Ile iko nyuma ya ma-usines, nyuma ya viwanda."

"Ulisema unatafuta kazi."

"Na weye ulisema shanga." Akaanza kucheka, machozi bado yako shavuni. "Shanga za batoto! Nilizibeba mu teksi mpaka town. Yaya, yangu nilikuwa nimezifunga mu soksi ili zisilie. Weye hata kuficha haujue!"

Tukacheka hadi bibi wa Kitanzania akaamka akauliza nani amepona. Mashine ikapiga kelele tena. Safari hii aliyekuja ni sista mwenye miwani ya uzi, alikuwa anapita kwenye korido. Alitutazama, mmoja analia, mwingine anacheka, halafu tukabadilishana.

"Mmeambiana?" akauliza.

Tukaitikia kwa vichwa.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa tupu, akashusha pumzi iliyotoka miguuni. "Sasa naweza kusema, kama mnaniruhusu." Tukamruhusu. "Wewe, mama, ulikuja kuniomba niseme damu hazikubaliani. Huyu alikuja kabla yako, wiki ileile, kuniomba niiambie familia kwamba mwili wake utakataa figo ya mtu yeyote. Hakutaka ndugu apimwe halafu daktari amweleze huyo ndugu kwa nini mgonjwa anakunywa dawa fulani. Mmekaa kwenye kiti kilekile. Mmetumia karibu maneno yaleyale. Eish! Nimekuwa narudi nyumbani na kichwa kinauma kwa ajili yenu, na hata mume wangu siwezi kumwambia."

Nilimwomba radhi kwa matusi ya kwenye ngazi. Akasema hakuyasikia, lakini mlinzi alimwambia.

Daktari alituita wote wawili. Alikuwa mkali, na nilimpenda kwa hilo. Aliniambia kwamba mtu mwenye virusi akibaki na figo moja lazima aangaliwe maisha yake yote, kwamba virusi vyenyewe vinaweza kuichokoza ile iliyobaki, kwamba nina haki ya kukataa hata nikiwa kwenye kitanda cha kusukumwa, na hakuna atakayeambiwa sababu. Alitaka kujua dawa zangu zote tangu mwanzo, na za mdogo wangu, ili virusi vyangu visije vikafika kwake na ukaidi mpya ambao dawa zake haziuwezi. Mdogo wangu ilibidi abadilishiwe vidonge vingine, kwa sababu vya zamani vinagombana na zile dawa za kuufanya mwili usiikatae figo ngeni. Kila kipimo nilikwenda nikiogopa. Ajabu ni kwamba woga ulikuwa umegeuka upande: zamani niliogopa wasije wakaijua damu yangu, sasa niliogopa wasije wakaikataa. Usiku nililala nikiweka mkono kiunoni, nikiiambia ile figo ijiheshimu.

Mama tulimpigia pamoja, tukakaa kwenye kochi, simu ndani ya glasi. Mdogo wangu alisema lake, mimi nikasema langu. Upande wa pili jogoo aliwika, mtu akapita na redio.

"Mulikuwa munaikala nyumba moja?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Na kila mutu alikuwa anagonjwa peke yake?"

Alilia kidogo, halafu akauliza kama sista ni mtu wa maombi. Chama hatukukiambia kitu zaidi ya kwamba damu zetu zinakubaliana. Mwenyekiti akasema alijua tu, tumbo ni tumbo. Na kweli, vipimo viliporudi, daktari alisema ninafaa.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, ubavu ulikuwa unawaka moto, nikamuuliza wa kwanza niliyemwona kama inafanya kazi. Huyo akaenda, akarudi sista wangu akiwa amepiga picha kwa simu: mfuko wa plastiki unaoning'inia kando ya kitanda cha mdogo wangu, umejaa mkojo wa manjano safi. Mtu ambaye kwa muda mrefu hakuwa akipata hata tone. Nimeona maharusi wengi wa Umbilo, nimewasuka mwenyewe, lakini picha nzuri kuliko ile sijaiona. Niliibusu simu ya watu.

Mdogo wangu aliporuhusiwa kurudi nyumbani nilikuwa nimeshapata nguvu ya kusimama jikoni. Sista alikuwa amenipa masharti, na aliyarudia mara mbili kwa sababu ananijua. Kinga ya mwili wa mgonjwa imeshushwa makusudi ili figo ikubaliwe. Kwa miezi ya mwanzo awe na kikombe chake, kijiko chake, sahani yake. Chakula kiive sana. Wageni wachache, na mikono ioshwe.

Sahani yake. Nilitaka kumwambia sista ni jinsi gani neno hilo lilinichoma, nikaona hadithi ni ndefu.

Nikasonga ugali. Nikapika sombe, nikachukua sahani mbili, nikampakulia yake na kumwekea mezani, mimi nikachukua ile ya bluu nikaenda kwenye kiti changu cha siku zote. Aliitazama sahani. Akanitazama.

"Iko nini tena?"

"Sista alisema. Kinga yako iko chini. Kila mutu na sahani yake."

"Kwa muda gani?"

"Miezi ya kwanza. Vumilia, petit. Ni kwa ajili yako."

"Njo vile ulisemaga na ile mara," akasema. Halafu akainuka polepole, mkono chini ya tumbo palipo na mshono wake, kama mimi nilivyokuwa na wangu ubavuni, akanijia, akaichukua sahani ya bluu mkononi mwangu. Ugali wangu akaumimina juu ya ugali wake, sahani ya bluu akaitia kwenye beseni la vyombo, ikazama.

"Figo yako iko ndani yangu, yaya," akasema. "Na weye unaniletea habari ya sahani."

Nikaenda kunawa mikono. Niliosha hadi viwikoni, kwa sabuni, nikarudia, kisha nikaja nikaketi.